Karatasi Tano Nyuma ya Mashine

Mwezi wa kwanza ni mavuno kwa mwenye steshenari. Wazazi wanatoa kopi za vyeti vya kuzaliwa, fomu za kujiunga na shule zinaprintiwa mpaka wino unakata, na katikati ya msongamano huo anaingia mteja wa aina yake: mtu aliyekuja kuchapa malengo ya mwaka. Huwa anaongea kwa sauti ya chini. Simu anaishika mwenyewe, hataki nione, halafu anakumbuka kwamba nisipoona sitachapa. Nimechapa malengo ya walimu, ya vijana wa bodaboda, ya dada mmoja wa Chikongola, hapahapa Mtwara mjini, aliyetaka yake yapigwe laminesheni na kutobolewa tundu la kamba ili ayaning'inize juu ya kitanda. Mwenye mashine ningeachaje na mimi?

Mwaka jana mwezi wa pili mashine ya kopi ilinasa karatasi, nikalazimika kuivuta kutoka ukutani. Nyuma yake, kwenye vumbi na mavi ya mijusi, nikakuta karatasi tano za malengo yangu mwenyewe. Za mwaka 2019 mpaka 2023. Kila Januari nilikuwa naitundika mpya kwenye msumari uleule, ya zamani inadondoka nyuma, nami siitafuti. Laminesheni inatunza, jamani. Hazikuwa zimechakaa hata kidogo.

Nikakaa kwenye stuli nikazisoma zote. Kufungua duka la pili Masasi. Kumalizia boma la Mangamba. Kupunguza kilo 10. Kuamka saa kumi na moja alfajiri. Kusoma vitabu 12. Miaka mitano, maneno yaleyale. Mwaka 2021 nilichobadilisha ni aina ya mwandiko tu.

Nilicheka, halafu kicheko kikakata.

Nieleze kidogo, kwa sababu sikuwa mzembe wa kuandika malengo. Niliwahi kuhudhuria semina ya wafanyabiashara wadogo hapa mjini, mkufunzi akatufundisha kanuni ile ya herufi tano, SMART, iliyobuniwa na Mmarekani George Doran mwaka 1981: lengo liwe mahsusi, lipimike, liwe na mwenye kulibeba, liwezekane, liwe na tarehe. Ni kanuni nzuri, siidharau. Ila malengo yangu yote yalifaulu mtihani huo. Duka la pili lilikuwa na mji, lilikuwa na mtaji uliokadiriwa, lilikuwa na mwezi wa kufunguliwa. Kilichokosekana hakikuwa kwenye herufi zile tano. Hakuna aliyeniuliza, wala sikujiuliza, hilo duka la Masasi nani kanituma.

Jumamosi ya wiki ile nilikwenda Newala kwa mjomba. Anayewajua Wamakonde anajua uzito wa mjomba; kwetu ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba wangu ndiye anayetunza mikorosho 63 aliyoacha mama, kwenye shamba lililo upande wa kwenda Shimo la Mungu, pale ardhi inapokatika ghafla ukaona bonde la Ruvuma limelala chini kwa mbali. Basi lilitoka mjini vizuri kwenye lami, tulipovuka Mnivata mwendo ukabadilika, likaanza kucheza ngoma yake. Nimelizoea. Safari hizo nitazirudia, maana ndimo mambo yote yalimokuwa.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka barazani, kaunta buku mapajani, sahani ya ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya kwetu, pembeni. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Nilikuwa namwona na daftari hilo tangu utoto na sikuwahi kulitazama ndani. Siku ile akanipa.

Ni daftari la mikorosho. Kila mti una namba, iliyopakwa rangi kwenye shina, na kila msimu mti una mstari wake. Nanukuu nilivyoona:

"Mti 17, njia ya kisimani. Kilo 9. Mwaka juzi 14. Kivuli cha mwembe."

"Mti 22. Kilo 16. Usiguswe."

"Mti 31. Kilo 3. Tena kilo 3. Bahili."

Kuna palizi imefanywa tarehe ngapi na vibarua wangapi. Kuna mifuko ya salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho. Kuna msimu wa 2018, ule ambao Serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na pembeni ya mstari huo kaandika tarehe aliyopeleka ghalani na tarehe fedha ilipoingia, hakuongeza neno. Mjomba si mtu wa kulalamika kwa kalamu.

Nikamuuliza, "Mjomba, haya unayaandika ya nini?"

"Niyasome."

"Lini?"

"Sasa hivi si unaniona?"

Akanieleza utaratibu wake, nami nauweka hapa kwa sababu tangu siku hiyo sijasikia ushauri wa mpango wa maisha uliouzidi. Korosho zinaokotwa kuanzia mwezi wa kumi, zinapelekwa chama cha msingi, zinaingia ghalani kwa stakabadhi, zinauzwa mnadani, fedha inaingia benki. Fedha ya mnada wa mwisho ikishaingia, mjomba hanunui kitu kwanza. Si bati, si baiskeli, si mahari ya harusi ya mtu. Anakaa siku mbili tatu na daftari. Anasoma msimu ulioisha, mti kwa mti, halafu anasoma na ule wa nyuma yake. Baada ya hapo ndipo anaandika ukurasa mpya: mti gani utapaliliwa vizuri zaidi, mti gani utapunguzwa matawi, mti gani umekwisha hesabu yake, ukatwe. Sulubu yenyewe inakuja baadaye.

"Wewe mwezi wa kwanza unaandika unachotaka," akaniambia. "Mimi naandika kilichotokea. Ninachotaka kinajitokeza chenyewe."

Halafu, kwa kuwa ni mtu wa swala, akanikumbusha maneno yanayonukuliwa kutoka kwa Khalifa Umar bin Khattab: zihesabuni nafsi zenu kabla hamjahesabiwa. Nilishayasikia msikitini mara nyingi, siku zote nikidhani ni habari ya dhambi. Sikuwahi kufikiri kwamba hesabu hiyo inaweza kuwa na kilo na tarehe.

Nilirudi mjini Jumapili usiku, Jumatatu nikachukua kaunta buku moja la dukani (nikaliandika kwenye deni langu mwenyewe, mke wangu ni mkali kwa hayo) nikaanza kuandika mwaka ulioisha kama mjomba anavyoandika mikorosho. Nilikusanya mashahidi watatu. Wa kwanza ni taarifa ya miamala ya simu ya miezi 12, niliyoiomba kwa mtandao na kuiprinti mwenyewe, kurasa nyingi kuliko nilivyodhani. Wa pili ni daftari la madeni ya dukani. Wa tatu ni kalenda ya ukutani nyumbani, ile ambayo mke wangu anaandika misiba, harusi, vikao vya shule na mgao wa kikoba.

Kumbukumbu yangu sikuiita kutoa ushahidi. Inanipenda mno, au inanichukia mno, inategemea nimekula nini.

Usiku wa kwanza ulikwenda vizuri. Usiku wa pili nikateleza. Kila nilipoona fedha iliyotoka bila maelezo, niliandika kosa. Kutoka kosa nikaenda kwenye tabia, kutoka tabia nikafika kwa marehemu baba na mambo ya mwaka 2006. Kurasa tatu. Mke wangu akapita na jagi la maji, akasimama, akasoma juu ya bega langu.

"Baba watoto, hiyo ni hesabu au ni kesi?"

Nilikasirika, lakini alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeacha kuhesabu, nimeanza kujihukumu, na mtu anayejihukumu hapangi kitu. Anachotafuta ni adhabu, au huruma. Mjomba aliandika "bahili" kwenye mti wa 31 na akaendelea na mti wa 32. Hakuuliza kwa nini mti umemfanyia hivyo. Nikachana zile kurasa. Nawaambia ninyi mnaopenda mambo haya ya kujitafakari: watu wengi wanaishia hapo usiku wa pili, halafu wanasema zoezi limewashinda.

Usiku wa tatu ndipo nilipoona.

Mwaka mzima uliopita nilikwenda Newala mara 11. Nauli zilikuwa pale kwenye miamala, moja baada ya nyingine, na mara mbili nilikwenda duka likiwa na kazi nyingi. Hakuna aliyenilazimisha. Katika karatasi zangu tano za laminesheni, neno Newala halipo hata mara moja.

Na Masasi, kwenye duka la pili la ndoto zangu? Nilikwenda mara ngapi kutafuta fremu, kuuliza kodi, hata kupita tu barabarani nikatazama wateja wanatembea upande gani? Sifuri. Kwa miaka mitano. Mtu anayetaka kitu hawezi kukosa kukipitia hata mara moja kwa miaka mitano, hasa kama yuko Newala mara 11 na Masasi iko mbele kidogo ya barabara hiyohiyo.

Nikajiuliza basi hilo duka lilitoka wapi. Lilitoka kwa rafiki yangu ambaye ana maduka mawili. Nilikuwa nadhani namwonea wivu. Nilipojipima vizuri nikaona hapana, huyo namheshimu tu. Ninayemwonea wivu kweli, mpaka moyo unaniuma, ni jirani yangu fundi cherehani anayefunga saa kumi jioni na kwenda Shangani na watoto wake kutazama ngalawa zikiingia. Ana mashine mbili za kushonea na hadaiwi na mtu. Ukitaka kujua unachokitaka, usiwatazame unaowasifia. Tazama nani akipita unajifanya una kazi.

Boma la Mangamba lilikuwa na hadithi yake, na hapo sikuwa peke yangu. Waliokuwa Mtwara kati ya mwaka 2012 na 2014 wanakumbuka. Gesi ilikuwa midomoni mwa kila mtu. Kodi za nyumba zilipanda, wageni walikuwa wanakuja, kila mwenye kiwanja alikuwa anajenga vyumba vya kupangisha hao wageni watakaokuja kwa wingi zaidi. Nilikopa benki, nikaanza vyumba sita. Bomba la kwenda Dar es Salaam likazinduliwa 2015, wageni wa mradi wengi wakaondoka, mimi nikabaki na kuta zisizo na bati na marejesho ya kila mwezi. Mkopo niliumaliza. Boma liko vilevile, mbuzi wa jirani wanalala kwenye chumba kilichokusudiwa kuwa cha choo na bafu ndani.

Simlaumu mtu. Mji wetu wenyewe una historia ya mipango ya kuletwa. Tuna kata inaitwa Reli, na treni hakuna. Reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947, Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Bandari ya Mtwara nayo ilitokana na hesabu zilezile. Wazo lilikuwa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu ili Uingereza ipate mafuta ya kula baada ya vita. Lengo lilikuwa na namba, lilikuwa na miaka, lilikuwa na fedha za kutisha. Waliotumwa kulikagua eneo walikaa wiki chache tu. Kumbe udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama sakafu, na mvua haikuwa ya kutegemewa. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na miaka ya mwanzo ya sitini reli ya Nachingwea ikang'olewa. Bandari ikabaki, na leo ndiyo inayosafirisha korosho zetu, kwa hiyo siwezi kusema hasara tupu. Lakini kila nikipita Reli nalikumbuka boma langu.

Huku kwetu kuna biashara inaitwa kangomba. Mkulima akibanwa na njaa kabla ya msimu, mlanguzi anamjia na fedha taslimu, anamnunulia korosho zikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika mtu anaokota korosho ambazo si zake tena. Imepigwa marufuku na bado ipo, kwa sababu njaa haisomi matangazo. Nikiwa na lile kaunta buku usiku wa tatu, nikaona miaka yangu mitano niliiuza kangomba. Kila Januari, nikiwa sina uhakika na nafsi yangu, nilikuwa naichukua picha ya maisha ya mtu mwingine, naipiga laminesheni, na mwaka mzima naufanyia kazi mzigo ambao si wangu. Ndiyo maana nilichoka bila kufika.

Baada ya hapo kupanga hakukuchukua hata nusu saa. Niliandika mambo mawili. La kwanza, kurudi kwenye mikorosho ya mama, kwa jembe na si kwa nauli tu. La pili, kufunga duka saa kumi na moja badala ya saa mbili usiku, siku tatu kwa wiki. Mke wangu akauliza na kilo 10 je. Nikamwambia kilo zitajisomea huko shambani.

Nimeacha kuandika "mwaka huu nita..." Naandika kwa namna nyingine, niliyoiona kwa mjomba na baadaye nikaisoma kwamba imefanyiwa utafiti. Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, aliandika mwaka 1999 kwamba mtu aliyeamua mapema kwamba kikitokea hiki nitafanya kile, mahali hapa, anatekeleza zaidi kuliko mwenye nia nzuri peke yake. Mjomba hajamsikia Gollwitzer. Lakini kwenye daftari lake hakuna "kupulizia salfa vizuri". Kuna "maua yakianza, salfa ya kwanza; wiki mbili, ya pili", mpaka ya tano, na inapigwa alfajiri majani yakiwa bado na umande, upepo haujaamka, maana ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, hausubiri mtu apate hamasa. Hivyo nami nikaandika: Ijumaa ya kwanza ya mwezi, nikitoka swala, sirudi dukani, napitiliza stendi.

Niliikosa Ijumaa ya mwezi wa nne kwa msiba na ya mwezi wa tisa kwa uvivu. Zote mbili zimeandikwa.

Mti wa 31 tuliukata pamoja, na mingine minne. Kuukata mkorosho uliopandwa na mama yako si jambo la kitaalamu, hata kama wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wameshaeleza faida zake. Mjomba alishika msumeno upande mmoja nami upande mwingine, katikati ya shina akasimama akasema apumzike, na najua hakuwa amechoka. Tuliacha kisiki cha kufika kiunoni. Baada ya miezi machipukizi yakajaa, tukayapunguza, yakabaki yaliyo na nafasi. Yalipofikia unene wa penseli, tukaleta vikonyo vya mti wa 22, ule wa "usiguswe", tukabebesha, yaani tukaviunganisha kwenye machipukizi hayo. Unachonga kikonyo kama ncha ya mkuki, unapasua chipukizi, unakichomeka, unakifunga kwa nailoni mpaka hewa isipite. Vidole vyangu vya kupanga karatasi vilitetemeka kama vya mwanafunzi.

Tulibebesha machipukizi 20. Wiki iliyopita nilikwenda kuangalia. Mjomba alikuwa ameshatangulia kuhesabu na ameshaandika, akanisogezea daftari bila kusema kitu huku akimenya ming'oko.

"Yaliyoshika 13. Yaliyokauka 7. Sababu: 2 mchwa, 5 kijana hafungi nailoni ikakaza."